Kalenda ya Pwani na Jua la Rungwe



Mwezi uliopita ndugu yetu mmoja wa hapa Tanga alituuliza mbele ya watu sababu ya desturi yetu moja, nayo ni kwamba kila tusafiripo hatukubali kuadhini magharibi mpaka tutoke nje tuitazame mbingu kwa macho yetu, hata kama msikiti una saa ya ukutani na kalenda iliyopigwa chapa. Tulicheka, tukamjibu kuwa hiyo ni khabari ndefu. Leo twaieleza. Waliohusika nayo tumewaomba ruhusa kwa simu nao wametupa, ila wamesema majina yao tuyaache; na aibu iliyomo ndani yake ni yetu sisi wenyewe.

Ilikuwa mwaka 2014, sawa na mwaka 1435 wa Hijra. Chuo chetu hufungwa kila Ramadhani inapokaribia, na mwaka ule Ramadhani iliingia mwishoni mwa Juni, yaani katikati ya kipupwe. Mfanyabiashara mmoja wa mchele wa Kyela, ambaye alikuwa na desturi ya kufikia mtaani kwetu, alitujia na maneno ya watu wa kijiji kimoja cha Rungwe, mbali kidogo na mji wa Tukuyu. Wana msikiti mdogo wa mabati, wana watoto wapatao thelathini wa kusomeshwa Kurani, na mwalimu wao aliyekaa nao miaka mingi alikuwa amefariki dunia miezi mitano nyuma. Walitaka mtu wa kuwasalisha tarawehe na kukaa na watoto mwezi huo mmoja tu. Nasi, tuseme kweli, tulifurahi kupita ilivyopasa. Mtu aliyesoma chuoni na katika shule ya msingi, basi, haitwi kila siku "mwalimu kutoka pwani". Tukafunga kanzu mbili za melimeli, kikoi, makubazi, Msahafu, tende kilo kumi, na kalenda ya nyakati za sala ya msikiti wetu wa Tanga, tuliyoiweka katikati ya kitabu isipate mikunjo.

Safari ilikwenda vyema mpaka Ruaha Mbuyuni, penye joto na mibuyu, hata tukajisemea moyoni kwamba watu huitia chumvi khabari ya baridi ya Nyanda za Juu. Khalafu basi likaanza kuupanda mlima Kitonga. Katika kona moja likachemsha maji, likasimama, na utingo akaruka chini kutia mawe nyuma ya magurudumu. Tulikaa pale saa nzima huku malori ya Zambia yakitupita polepole kama ng'ombe waliochoka. Lilipofika juu, Ilula, upepo ulipita katika kanzu yetu kana kwamba hatukuvaa kitu. Abiria mmoja, mama wa Kihehe mwenye umri wetu, alitutazama, akafungua kifurushi chake akatupa khanga tujifunike mabegani, akasema, "Kaka, huko uendako ndiko kwenye baridi yenyewe." Tukajifunika khanga ya mwanamke mpaka Uyole. Wala hatukuona haya.

Kutoka Uyole njia huacha barabara ya Zambia ikageuka kusini, ikapanda, kisha ikateremka kupitia Kiwira hata Tukuyu. Mlima Rungwe uko upande mmoja wa njia, nao una urefu wa karibu mita 2,960, lakini sisi hatukuuona siku ile wala siku nyingi zilizofuata. Nchi ile ni miongoni mwa zenye mvua nyingi kuliko zote katika Tanzania. Na hata kipupwe, wakati ambapo Iringa na Mbeya mjini ni pakavu, Rungwe hushuka ukungu na manyunyu, migomba ikadondoka maji mchana kutwa. Yule aliyezoea bahari huona kama amefunikwa blanketi la majimaji. Neno hili la ukungu twawaomba wasomaji walishike, kwani ndilo lililotuponza.

Tulipokelewa na mzee wa msikiti, Mnyakyusa mwenye miaka sabini na kitu, mtu wa maneno machache. Alitupa nyumba ya vyumba viwili, ndizi, maziwa, na kuni. Siku ya kwanza tulijifunza kuwaamkia watu "ugonile", ambayo maana yake ni kumwuliza mtu kama amelala, na kujibu "ndaga". Siku ya pili tulikosa adabu bila ya kujua. Tulikuwa tumekaa na mzee barazani, akapita kijana mwanamke mwenye birika, nasi kwa ukarimu wetu wa kipwani tukamwita, "Binti, njoo umpe mzee chai." Birika likaanguka, yule mwanamke akakimbilia nyuma ya nyumba, na mzee akageuza uso akatazama ukuta. Kumbe alikuwa mke wa mwanawe. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkwe mwanamke hamkaribii baba wa mumewe wala hakutani naye uso kwa uso. Desturi hiyo imepungua sana, lakini wazee wengine bado waishika. Mzee hakutulaumu hata kidogo. Alisema tu, baada ya kimya kirefu, kwamba chai ya siku ile ilikuwa ya moto mno. Tulipaswa kuelewa tangu siku hiyo kwamba watu wale hawamwambii mgeni kosa lake.

Usiku wa tatu tulikaribia kufa. Baridi ilituzidi, tukaingiza jiko la mkaa chumbani, tukaziba dirisha kwa gunia, tukalala. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki. Sisi tuliamshwa na jirani yetu, mwalimu wa jiografia wa sekondari, mtu wa kanisa la Moravian, aliyepita alfajiri akauona mlango umefungwa na moshi mwembamba watoka chini yake. Alivunja komeo akatuburuta nje kwenye ukungu. Kichwa kiliuma siku mbili. Wenye nyumba mnaotusoma, hasa nyinyi wa bara, jiko lenye makaa lisilale na watu ndani. Siku ya nne mwalimu yule alitupeleka Mbeya, mtaa wa Mwanjelwa, tukanunua koti zito la mtumba lililokuwa la mtu mnene wa Ulaya, na ndilo tulilolisalia mwezi wote.

Mwezi wa Ramadhani tuliupokea redioni, kwa kuwa kwa ukungu ule hapana ambaye angaliweza kuuona. Siku ya kwanza jioni watu walikusanyika, wapata arubaini na wachache pamoja na akina mama waliokaa chumba chao cha nyuma. Mzee wa msikiti alituuliza kwa upole, "Mwalimu, saa ngapi?" Marehemu aliyekuwa kabla yetu, walisema, alikuwa na nyakati zake alizoziweka kichwani, na tangu afariki walikuwa wakikisia kwa giza. Tukaitoa kalenda yetu, tukaibandika ukutani kwa misumari minne, tukawaonyesha: magharibi saa 12 na dakika 21. Wote walisogea kuitazama. Ilikuwa na rangi ya kijani na picha ya Al-Kaaba. Hatukuwahi kufikiri, hata mara moja, kwamba juu yake yameandikwa maneno "Tanga na vitongoji vyake".

Basi kwa siku tisa tuliadhini kwa saa ya mkononi, watu wakafuturu kwa tende zetu na chai ya maziwa, tukasali, na wote wakafurahi. Jua halikuonekana hata siku moja. Mbingu ilikuwa ya kijivu tangu asubuhi hata usiku, na mtu asingaliweza kujua jua liko wapi ila kwa saa.

Siku ya kumi upepo ulibadilika alasiri. Tuliadhini kama kawaida, tukala tende, tukanywa maji, tukapanga safu. Kibla cha nchi yetu ni kaskazini, kwa hiyo magharibi huwa mkono wa kushoto wa mwenye kusali, na msikiti ule una dirisha moja upande huo. Tulikuwa tumeinua mikono kutoa takbira ndipo mwanga mwekundu ulipoingia dirishani, ukapita juu ya mabega ya watu, ukatua ukutani upande wa kulia. Palikuwa na mtoto wa kike mlangoni, mwanafunzi wetu wa miaka tisa ambaye ndio kwanza alikuwa akijaribu kufunga. Akasema kwa sauti ndogo, "Ustadhi, jua lile."

Hapa ndipo penye kosa letu kubwa kuliko la kalenda. Tulimjibu bila ya kugeuka, "Huo ni wekundu wa shafaki tu, nyamaza," tukaingia katika sala.

Tulisali rakaa tatu hali mwanga ule uko ukutani, nasi twauona kwa pembe ya jicho, na moyo hauko mahali pake. Tulipotoa salamu tukatoka nje. Mawingu yalikuwa yamepasuka upande wa magharibi kama pazia, na jua lilikuwa juu ya kilima, zima, jekundu, halijagusa hata ncha za miti. Watu walitoka mmoja mmoja wakasimama nyuma yetu. Hapana aliyesema neno. Tulingoja pale mpaka lilipozama, nasi tukaitazama saa: ilikuwa 12 na dakika 37. Mtoto yule alikuwa bado ameshika tende yake mkononi, hajaila. Lilipozama akaila.

Tulirudi ndani tukaisali magharibi upya. Baada ya sala mzee wa msikiti alitukaribia, akatuambia maneno ambayo mpaka leo twayasikia: "Mwalimu, sisi siku zote hizi tuliona giza lachelewa baada ya futari. Tulidhani elimu ya pwani imezidi macho yetu."

Usiku ule, baada ya tarawehe, tulipanda kilimani mahali panaposhika simu tukampigia mwalimu wetu wa Tanga, mzee aliyetufundisha tangu alifu, wakati huo akiwa na miaka themanini na mbili. Tulimweleza yote. Hakutuonea huruma. "Ulikwenda huko na macho," akasema, "au ulikwenda na karatasi?" Kisha akatupa hukumu yake. Akatukumbusha khabari iliyopokewa na Imamu Bukhari kwa Bibi Asma binti Abubakar, kwamba katika zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, watu walifuturu siku ya mawingu, kisha jua likatokeza. Na mpokezi wake alipoulizwa kama waliamriwa kulipa, alijibu kwa namna ya kuonyesha kwamba kulipa hakuna budi. Wako wanazuoni wenye maoni mengine, akasema, lakini katika madhehebu yetu ya Shafi aliyekula akidhani jua limekuchwa, kisha ikabainika halijakuchwa, hana dhambi ila hulipa siku ile. Na kwa kuwa kosa la kalenda ni lile lile kila siku, basi siku zote kumi ni za kulipa.

Tukamwuliza sala za alfajiri, kwani kama magharibi ilikuwa mapema, na alfajiri vile vile. Hapo alinyamaza kidogo, na sauti yake ikalainika. Akasema vitabu vya madhehebu yetu vina jawabu la jambo hilo: mtu aliyesali alfajiri kabla ya wakati wake kwa siku nyingi, bila ya kujua, sala ya kila siku huhesabiwa kuwa ni malipo ya ile ya jana yake, na mwisho hubaki na deni la sala moja tu. "Mola ni mpole kwa wajinga," akasema, akakata simu. Tulikaa kilimani tukalia, si kwa huzuni peke yake.

Kesho yake adhuhuri tulisimama mbele ya watu. Wasomaji wetu, tumewahi kusoma hotuba mbele ya mamia, lakini mbele ya wale arubaini magoti yalitutetemeka ndani ya koti la Mzungu. Tuliwaambia kwamba saumu zao kumi ni za kulipa, na kwamba sababu ni sisi, wala si wao. Bibi mmoja mkongwe alisema kutoka chumba cha nyuma kwamba siku kumi si nyingi, taabu ni baridi tu. Lakini kijana mmoja mwenye pikipiki ya abiria aliinuka. Yeye alikuwa akifunga huku akipanda na kuteremka milima ile tangu asubuhi, koo limekauka kwa upepo. Akasema, "Mwalimu, sisi tulikuwa na kiza chetu na hatukukosea hivi. Wewe ulikuja kutufundisha nini?" Wazee walimwambia akae. Hakukaa, alitoka akaenda zake. Hatukuwa na jawabu wakati ule, na hata leo hatulioni. Tulimwona tena siku ya Idd, akatupa mkono, lakini hakututazama usoni.

Jioni ile ile jirani yetu, mwalimu wa jiografia, alikuja kutujulia hali, kwani kijijini khabari hutembea. Tulimwonyesha kalenda. Akacheka kwa adabu, akaomba tochi. Akachukua parachichi kubwa, akatia alama mbili kwa kisu, moja Tanga na moja Tukuyu, akalizungusha mbele ya mwanga polepole mezani kwetu, nasi tukaona kwa macho jinsi alama ya Tanga inavyoingia gizani kabla ya ile ya Tukuyu. Dunia, akasema, huzunguka digrii 360 kwa saa 24, kwa hiyo kila digrii moja ni dakika nne. Tanga iko kiasi cha digrii 39 mashariki, na Tukuyu kiasi cha 33 na nusu. Saa zetu za mkononi ni moja kwa nchi nzima, ila jua halikutia sahihi mapatano hayo. Adhuhuri ya Tukuyu, basi, huja nyuma ya ile ya Tanga kwa dakika 22 hivi. Na kwa mtu wa Kigoma, iliyo kiasi cha digrii 29 na nusu, tofauti na Tanga hufika dakika 38.

Tukamwuliza mbona sisi tuliona dakika 15 au 16 tu jioni. Akaliinamisha parachichi kidogo. Mwezi wa Juni na Julai jua liko kaskazini ya ikweta, akasema, na kadiri uendavyo kusini ndivyo mchana unavyokuwa mfupi. Tukuyu iko kusini kuliko Tanga, digrii tisa na tano, basi jioni jua huwahi kidogo na tofauti ikapungua, na asubuhi huchelewa zaidi na tofauti ikafika karibu nusu saa. Ndiyo kusema alfajiri tulikuwa tumekosea maradufu ya magharibi. Parachichi lile tulilila baada ya hapo kwa chumvi.

Siku mbili baadaye mjane wa marehemu mwalimu, aliyekuwa ametoka eda punde si punde, alimtuma mtoto na kopo la bati la biskuti. Ndani yake mlikuwa na daftari la mistari, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mwezi baada ya mwezi: siku hii jua lilizama saa kadha na dakika kadha, siku hii ukungu, halikuonekana, siku hii lilizama nyuma ya mti wa mzee fulani. Marehemu alikuwa akisimama nje na saa yake kila jioni iliyo wazi, miaka mingi, na kuandika. Tulilinganisha na hesabu ya parachichi, zikapishana dakika mbili tu. Tulikwenda kumshukuru yule mama, tukasimama nje ya ua, tukamwuliza kwa heshima kwa nini hakulitoa mapema. Akajibu kutoka ndani, "Hamkuuliza, mwalimu. Mlikuja na la kwenu."

Tuliing'oa kalenda yetu ya kijani. Watoto walinakili nyakati za marehemu kwa hati nzuri kwenye karatasi kubwa, na yule msichana wa tende tulimpa kazi: jioni zote zilizo wazi asimame nje ndiye atuambie jua limezama, na muadhini asifungue kinywa kabla yake. Alikuwa mkali kuliko askari. Mara moja alituzuia dakika mbili nzima kwa sababu ya wingu.

Baada ya Idd hatukurudi Tanga moja kwa moja, kwani tulikuwa tumeahidi kukaa wiki mbili Iringa kwa ndugu mwenye madrasa mjini. Iringa ni nchi nyingine kabisa: hapana ukungu, bali upepo mkavu wa Agosti unaosukuma vumbi jekundu machoni, na majabali makubwa juu ya mji. Watu huamkiana "kamwene", na watoto hulisema neno hilo kwa kuimba. Usiku wa kwanza tuliingia msikitini kwake, na kitu cha kwanza tulichokiona ukutani kilikuwa kalenda iliyopigwa chapa, ya Dar es Salaam. Tulimwuliza kama imesahihishwa. "Kusahihishwa vipi?" akasema. Tukamwomba parachichi. Iringa hakukosekana, na usiku ule tulikaa hata saa tano, sisi tukiwa walimu wa jiografia. Iringa iko kiasi cha digrii 35 na nusu na ushei. Tofauti na Dar es Salaam ni ndogo kuliko ya Tukuyu, lakini alfajiri hupita robo saa, na robo saa yatosha kuharibu sala. Ndugu yetu yule hakubishana. Asubuhi alichukua saa akapanda juu ya jabali.

Rungwe tulikuwa tumeagana kwamba siku za kulipa tutazifunga pamoja, Jumatatu na Alkhamisi, mpaka zitimie kumi. Siku ya kwanza ikatukuta Iringa. Wenyeji walikuwa wamepanga kutupeleka Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mjini, penye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, nasi hatukutaka kuwavunja moyo. Tulikiona kile kichwa ambacho Wajerumani walikichukua baada ya kifo chake mwaka 1898, kikatajwa hata katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na kikarudishwa kwa Wahehe mwaka 1954. Tulikitazama kwa kitambo. Miaka 56 ughaibuni, kisha kurudi nyumbani. Tulipotoka nje mtoto mmoja alitupa kikombe cha maji, nasi kwa kiu na vumbi tukayanywa nusu ndipo tulipokumbuka. Wenyeji wetu walicheka sana. Aliyekula kwa kusahau saumu yake iko salama, lakini baada ya yale ya Rungwe tulitetemeka kama mwizi.

Jioni ile tulisimama juu ya jabali na ndugu yetu. Jua lilizama saa zetu zikiwa tayari. Tukala tende moja. Iringa iko mashariki ya Rungwe, kwa hiyo sisi tuliwahi kwa dakika saba hivi. Tukatoa simu tukampigia mzee wa msikiti. Alisema mbingu kwao iko wazi leo, watu wote wamekusanyika nje, hata mama mkongwe ameletewa kiti, ila yule kijana wa pikipiki hayupo, na pengine yuko njiani. Tukamwomba asikate simu. Tukawasikia wakizungumza, mtoto akikohoa, kuku, upepo katika migomba. Kisha wakanyamaza wote. Tukangoja nao, simu sikioni, tende ya pili mkononi, mpaka tuliposikia mlio wa pikipiki unakaribia na kuzimwa, na baada yake ile sauti ndogo:

"Bado, ustadhi. Bado. Haya, limezama."